Tulivyosafisha Nyumba Kabla ya Bima Kuiona

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza na mweke simu chini. Mimi shule niliacha darasa la nne, na herufi zangu nazichora polepole kama mtu anayeshona kwa sindano butu. Nyinyi mna vyeti. Lakini kuna karatasi moja ambayo nyinyi wenye vyeti mnaitia sahihi bila kuisoma, na mimi nimeisoma kwa kuumia. Kwa hiyo leo mimi ndiye mwalimu, na sitaki mtu anikatize.

Nazungumzia karatasi ya bima ya nyumba. Hasa bima ya mafuriko.

Nyumba yangu iko jijini, mtaa wa Kisugu ya chini, pale mteremko unapokwisha na Namuwongo inapoanza kuonekana ng'ambo ya mfereji. Marehemu mume wangu alikuwa askari. Tulikaa kambini miaka yote ya utumishi wake, kambi hii, kambi ile, na alipostaafu akasema hataki tena nyumba ambayo mtu anaweza kukuamuru uihame kesho asubuhi. Akajenga hii. Vyumba vinne, viwili mbele na viwili nyuma. Siku zile mfereji ulikuwa mdogo, unauruka ukiwa na mtoto mgongoni, na chini yake kulikuwa na mafunjo na vyura wengi hata huwezi kulala. Baadaye wenye nguvu wakaleta malori ya udongo, wakafukia mafunjo, wakajenga maghala na kuta ndefu. Vyura wakanyamaza. Maji yakakosa pa kukaa, na sasa yanakuja kukaa kwangu. Hilo silo nililokuja kusema, lakini nitalisema kwa sababu linanichoma: yule aliyefukia mahali pa maji analala pakavu, na mimi ninayelipia bima ndiye ninayeulizwa kwa nini nilijenga bondeni. Nilipojenga, bonde lilikuwa upande wa pili.

Naishi na mke wa mwanangu, ambaye ni Mkenya na ana duka la vipodozi Kabalagala, pamoja na binti zake wawili. Mwanangu mwenyewe ni askari kama baba yake, na yuko mbali kikazi. Hao watatu, mama na binti zake, wanalala vyumba vya nyuma. Kumbukeni hivyo vyumba vya nyuma. Ndivyo nilivyopigania.

Bima aliileta mkamwana wangu. Alirudi jioni moja na kijana mwenye tai na mkoba.

"Mama, huyu ni mtu wa bima."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Mama. Ni bima ya nyumba."

"Basi akae. Nilidhani amekuja kunipima sanduku."

Kijana akacheka, akafungua karatasi zake akaanza kusoma Kiingereza kwa haraka kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Nikamwambia apumue. Nikamwambia anieleze kwa Kiswahili, hata kama Kiswahili chake kimevunjika, nitakiunga kwa changu. Akaniita Jaja, yaani bibi, kama wajukuu wangu wanavyoniita.

"Jaja, hii inalinda nyumba yako. Moto, mwizi, radi, yote iko."

"Moto sijakuuliza. Nyumba hii haijawahi kuungua. Maji je?"

"Maji pia iko."

"Iko wapi? Weka kidole."

Akatafuta. Akapindua ukurasa, akarudi nyuma, akapindua tena. Kidole kikatua mahali, nikamwambia asome pale pale. Kumbe yalikuwa maji ya bomba. Bomba likipasuka ukutani, wanalipa. Maji yanayotoka nje, yanayopanda kutoka mferejini na kuingia mlangoni kama mwenye nyumba, hayakuwamo.

"Hiyo ya mafuriko ni nyongeza, Jaja. Inakuwa kwa karatasi yake. Mteja anaiomba."

"Na nisingeuliza?"

Akacheka tena. Mimi sikucheka. Hebu fikirini watu wangapi wa bonde hili wameweka karatasi ile chini ya godoro wakijua wamelindwa, kumbe wamelindwa na moto peke yake, na wanaishi kando ya maji. Nani huyo aliyeandika karatasi ya nyumba akasahau mvua? Hakusahau. Ameiweka pembeni makusudi, ili anayejua aombe na asiyejua alipe bure.

Akaiongeza. Halafu akauliza kama kuna mfereji karibu.

"Si karibu sana," mkamwana akasema upesi.

"Usimdanganye mtu wa watu. Wewe kijana, simama twende."

Nikamtembeza kutoka ukuta wa nyuma mpaka ukingoni, nikihesabu hatua kwa sauti. Zilikuwa arobaini na mbili. Nikamwambia aandike arobaini na mbili, na aandike kwamba mwenye nyumba ndiye aliyemwonyesha. Mkamwana akaninong'oneza kwamba sasa watapandisha bei.

"Wacha wapandishe. Siku maji yakija, huo mfereji watauona kwa macho yao. Sitaki waje kuniambia nilificha."

Hapo nilikuwa na akili. Akili ile ile ikanitoka mwaka uliofuata.

Mvua ilianza asubuhi baada ya chai. Mchana nilikuwa barazani nikichagua mawe katika simsim, gunia zima lililoletwa kutoka kwetu kaskazini. Nikasikia choo cha jirani kinakoroma. Kabla sijainuka, maji yalikuwa yamevuka ukuta wa uani, meusi, yamebeba chupa, kavera za plastiki, na mambo mengine ambayo sitayaandika. Tuliwahi kumtoa mjukuu wangu mdogo na redio. Gunia la simsim lilielea likatoka mlangoni mbele ya macho yangu, likapita langoni polepole bila haraka, kama mgeni aliyeshiba. Maji yalifika kiunoni. Yalikaa mpaka jioni, yakaondoka, yakaacha tope na harufu.

Ukuta wa uani ulianguka, na ukuta wa nyuma wa nyumba ukapasuka, ufa wa kuingiza mkono, kuanzia chini mpaka dirishani. Fundi wa mtaa aliutazama, akaugonga kwa kidole, akasema, "Mama, huu utasimama msimu huu. Msimu wa mvua ujao sikuahidi." Na nyuma ya ukuta ule ndipo wanapolala watu wangu watatu. Sasa mnajua nilichokuwa nacho mkononi: ama kampuni ijenge ukuta, ama mvua ijayo iuangushe juu ya vitanda.

Mkamwana alipiga simu kwa kampuni siku ile ile. Wakasema watatuma mtu wa kutazama hasara. Lini? Siku chache.

"Mama, labda tungoje aone kwanza," akasema.

"Angoje nani? Mtu aje kutoka ofisini akute nyumba yangu hivi?"

Hapa lazima niwaeleze kambi, kwa sababu bila kambi mtaniona mjinga. Kambini, kila Jumamosi ofisa alipita kota kwa kota. Mke wa askari aliamka kabla ya jogoo, akafagia, akasugua sakafu, akakunja blanketi ziwe na kona, akapaka chokaa hata mawe ya njiani. Ofisa akikuta uchafu hakusema na wewe. Alimwadhibu mume wako, mbele ya wenzake, kwa sababu ya sufuria yako. Miaka zaidi ya ishirini niliishi hivyo. Mtu yeyote anayekuja na kalamu na karatasi kuitazama nyumba yangu, mwili wangu unajua la kufanya kabla sijafikiri. Wake wote wa askari wa rika langu wako hivyo. Waulizeni.

Basi nikawapanga. Tulichota tope kwa karai siku mbili. Tukamwaga dawa. Magodoro yaliyolowa nikampa mtu wa mkokoteni akayatupe, viti vya kitambaa vikafuata, friji ikaenda kwa mwenye vyuma chakavu. Siku ya tatu nikamwita fundi azibe ule ufa kwa saruji upande wa nje, juu juu tu, usionekane. Siku ya nne tukapaka chokaa nyumba nzima, ndani na nje. Mjukuu wangu mkubwa, anayesoma uuguzi, alikuwa amepiga picha siku ya maji. Nilimkuta anazitazama barazani.

"Hizo ni za nini?"

"Ni za kumbukumbu tu, Jaja. Rafiki zangu pia wametuma za kwao."

"Mtu hapigwi picha akiwa uchi, na nyumba pia hivyo hivyo. Futa."

"Jaja, lakini..."

"Futa nikiona."

Akafuta. Nilisimama juu yake mpaka zikaisha. Hilo nalisema mwenyewe, maana yeye kwa adabu yake hajalisema hata leo.

Siku ya tano mtu wa kampuni akaja. Mwanaume wa makamo, viatu vinang'aa, kikaratasi kimebanwa ubaoni. Alisimama mlangoni akavuta harufu ya chokaa mbichi. Nilikuwa nimempikia chai na kumwekea karanga. Aliizunguka nyumba mara moja, akagusa ukuta, akatazama kidole chake cheupe.

"Nyabo," akaniita, yaani mama, "maji ilifika wapi?"

"Hapa," nikamwonyesha kiuno changu.

"Alama iko wapi?"

"Tumeisafisha."

"Vitu vilivyoharibika?"

"Tumetupa. Ulitaka tulale navyo?"

"Na hii ufa?" Akakwaruza saruji kwa ufunguo wake. "Hii imezibwa. Nyumba ya zamani inapasuka, nyabo. Ni umri."

"Na wewe una umri. Umepasuka wapi?"

Mkamwana alijifunika mdomo kwa leso. Yule bwana hakuona cha kuchekesha. Aliandika mstari mmoja, nasema mmoja, akanywa chai yangu mpaka chini, akala karanga zangu, akaenda. Baada ya wiki mbili ikaja barua. Mkamwana akanisomea: hakuna ushahidi kwamba nyumba iliingiliwa na maji, ufa ni uchakavu, hakuna malipo.

Ile barua niliikunja kwa nguvu mpaka ikachanika pembeni. Si kwa huzuni. Nataka mnielewe. Nani duniani anaacha kinyesi cha mtaa mzima ndani ya nyumba yenye mtoto, siku tano, ili mtu wa viatu aje akione? Kama walitaka hivyo, kwa nini yule wa tai hakutuambia siku ile? Alikuwa na muda wa kuniambia habari ya radi. Walichukua pesa zetu wakiwa na ulimi, na siku ya kulipa wakageuka mabubu.

Nilivaa gomesi, gauni langu la kanisani, nikaenda ofisini kwao mjini. Mkamwana alifunga duka tukaenda wote. Pale mapokezi wakatuambia tuache barua. Nikasema barua ninayo moja, ni yao, na siiachi, mimi nitakaa. Nilikaa. Saa sita wakaniuliza kama nina haja nyingine. Nikasema haja ni ile ile ya saa tatu. Mwishowe akatoka mwanamke mmoja, mkubwa wa madai, akatuingiza kwake. Huyo namheshimu, ingawa anakula mshahara pale pale.

Nilimwekea karatasi mezani. "Nieleze kama unavyomweleza mama yako. Nini kimo na nini hakimo."

Akanieleza, na nawapa nyinyi bure. Kwanza, bima ya jengo ni kitu kimoja na bima ya vitu vya ndani ni kitu kingine. Sisi tulikata ya jengo tu. Kwa hiyo magodoro na friji hata ningeyahifadhi kabatini, yalikuwa yangu na hasara yangu. Ukuta wa uani nao hauhesabiwi kuwa nyumba mpaka uandikwe kwa jina. Pia kuna kipande cha mwanzo cha kila hasara ambacho mwenye nyumba anakibeba mwenyewe, wao wanaanzia juu yake. Na nyongeza ya mafuriko haianzi siku ile ile unayolipa, ina siku zake za kungoja, msije mkakimbilia ofisini mawingu yakishafunga. Halafu akasema lile lililoniua: ukipatwa, piga picha kila kitu kabla hujagusa, halafu safisha, hakuna anayekukataza kusafisha, lakini usitupe na usizibe mpaka waone, na hata ukitupa kwa ajili ya afya, bakiza kipande.

"Hayo yameandikwa?" nikauliza.

"Yameandikwa, Mama. Ukurasa wa tisa."

"Kwa Kiingereza."

"Kwa Kiingereza."

"Na yule kijana wako, alifika ukurasa wa tisa?"

Akafungua faili letu akalisoma, nikaona jicho lake limetua mahali. "Hapa imeandikwa hatua arobaini na mbili kutoka mferejini. Kwamba mwenye nyumba ndiye aliyeonyesha."

"Nilimtembeza mwenyewe."

"Hiyo inakusaidia, Mama. Wengi wanaficha, tukigundua tunafunga faili." Akaweka kalamu chini. "Naweza kuja mwenyewe kutazama tena. Lakini ukuta mweupe hautaniambia kitu. Fikiri. Hakuna mahali popote hamkusafisha?"

Nilisimama. "Nyumba yangu yote ni safi," nikamwambia, na nikatoka bila kuaga. Mkamwana akanifuata mbio kwenye ngazi.

Tulipofika nyumbani, nimeshavua viatu, ndipo mkamwana akasema taratibu akiwa amesimama mlangoni, ili aweze kukimbia nadhani.

"Mama, kabati la Mzee hatukulisogeza."

Kabati la mume wangu liko chumba cha nyuma. Ni la mvule, aliliagiza kwa fundi wa kambini, na watu sita ndio walioliingiza kabla mlango haujapunguzwa. Tangu afariki halijasogezwa. Tulipaka chokaa mpaka kwenye ubavu wake tukaishia hapo. Mimi nilijua. Kila siku ya zile siku nne nilijua kwamba nyuma ya kabati kuna tope, na nilijiambia nitapashughulikia mgeni akishaondoka, kwa sababu hakuna mgeni anayechungulia nyuma ya kabati.

"Unataka nimwite mwanamke wa watu aje aone uchafu wa nyumba yangu," nikasema.

"Nataka watoto wasilale chini ya huo ukuta."

Hakuwahi kunisemesha hivyo. Sikumkemea. Nilienda chumba cha nyuma nikaingiza mkono kati ya kabati na ukuta, ukatoka mweusi mpaka kiwiko. Nikakaa kitandani kwa mjukuu. Miaka yote sijawahi kumwonyesha mtu tope langu. Nilimficha ofisa, nilimficha padri, hata mama mkwe wangu. Nikamwambia mkamwana apige simu kabla sijabadili mawazo.

Yule mama alikuja kesho yake asubuhi, amevaa viatu vya mpira, nikaona huyu ana akili. Vijana wanane wa mtaa walilisukuma kabati, na kila mmoja aliguna kivyake. Lilipotoka, harufu ilitupiga sote. Ukuta ulikuwa na mstari mweusi ulionyooka kana kwamba umepigwa na rula, kiunoni kwangu kabisa. Chini yake tope lilikuwa limekauka na kavera zimenasa ndani, gunzi la muhindi, na punje za simsim yangu zimeota majani madogo. Na ufa ulikuwa pale, upande huu wa ndani haujazibwa, mdomo wazi, na ndani yake tope la mfereji limejaa mpaka kwenye matofali.

Nilitazama pembeni. Uso ulikuwa unawaka kama ofisa wa Jumamosi amesimama pale na mume wangu amewekwa mbele ya gwaride.

"Samahani kwa uchafu," nikasema.

"Mama," yule mwanamke akasema, amechutama anapiga picha, "huu uchafu ndio utakaojenga ukuta wako."

Walilipa. Vyumba vya nyuma vilibomolewa vikajengwa upya juu ya msingi wa mawe, bati likarudishwa kabla ya mvua. Magodoro tulinunua wenyewe. Ukuta wa uani mpaka leo ni mabati ya kushikiza, na friji hatuna. Wala msifikiri nimetulia. Yule wa viatu bado yuko kazini, yule wa tai bado anawauzia watu radi, na ukurasa wa tisa bado ni Kiingereza. Jirani yangu wa kushoto alipata barua kama yangu, na yeye kabati hakuwa nalo. Nyumba yake sasa ina turubai. Kila nikiliona turubai lile likipigwa na upepo nachukia upya, asubuhi na jioni.

Kilichokuwa mikononi mwangu nilikifanya. Siku kabati liliporudishwa mahali pake niliwaita wote chumba kile kipya, mkamwana na binti zake, nikawasimamisha mstari mmoja.

"Sikilizeni, sitarudia. Maji yakiingia tena nyumba hii, kwanza mnatoka nyinyi. Yakiondoka, hakuna mkono kugusa ufagio. Wewe wa uuguzi utapiga picha kila chumba, kila ukuta, kila godoro, na mimi nitasimama pembeni ya mstari wa maji ili waone yalifika wapi. Nikikuambia ufute, usinisikilize. Halafu ndipo mniletee karai."